Mpinzani Wangu, Jirani Yangu



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba nianze na ungamo dogo la hadharani. Lile kubwa nimeshalipeleka kwa padre.

Mwaka jana kigango chetu kilifika fainali ya bonanza la vijana. Mimi ndiye nilikuwa kapteni. Dakika za mwisho mwamuzi akatoa penalti dhidi yetu. Mpaka leo nikifumba macho naona ule mpira uligonga bega, si mkono. Tukafungwa moja bila. Filimbi ilipolia niliwaita wenzangu nikasema neno moja tu, "Twendeni." Hatukupeana mikono na mtu. Akina mama wa kigango cha wenyeji walikuwa wamepika pilau kwa ajili ya timu zote mbili. Sahani zetu zilibaki pale zimefunikwa. Sisi tukapanda lori, tukaimba nyimbo za kejeli njia nzima.

Kapteni wa wale wenzetu nilisoma naye mafundisho ya Kipaimara. Tulikuwa tunakaa benchi moja. Tangu siku ile, tukikutana kwenye Misa ya vijana, ukifika wakati wa kutakiana amani mimi nageukia upande wangu, naye anageukia wake. Mwaka mzima hivyo.

Basi nikabaki na swali. Kutaka kushinda ni dhambi? Na kama si dhambi, mbona kunatuacha hivi?

Nilipoombwa kuandaa mada ya michezo kwa semina yetu, nilianza kusoma historia ya michezo mbalimbali, nikakwama kwenye mchezo ambao sijawahi kuucheza: besiboli. Wengi wetu tunauona kwenye sinema tu. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne hadi arudi alikoanzia. Jirani zetu wa Uganda wanaucheza kweli kweli, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Marekani kucheza Little League World Series, yale mashindano ya dunia ya watoto. Lakini kilichonikamata si besiboli ya leo yenye mamilioni ya dola. Ni ile ya mwanzo, ya watu waliocheza bila mshahara kule New York na Brooklyn, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Humo nilikutana na kapteni mmoja aliyefanya kama mimi. Naye alisema twendeni. Ngoja nikueleze.

Walivyoanza

Mwaka 1845, kikundi cha wanaume wa New York kiliunda klabu kikaiita Knickerbocker. Walikuwa makarani, wafanyabiashara, madaktari, watu waliotoka ofisini wakitafuta hewa safi. Waliandika kanuni zao kwenye karatasi, na kwa kuwa mjini nafasi ilikuwa haba, walivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kucheza Hoboken. Tarehe 19 Juni 1846 walicheza pale na timu nyingine ya New York. Mchezo huo hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kati ya klabu mbili kwa kanuni zile. Unajua matokeo? Waliotunga kanuni walifungwa 23 kwa 1!

Hapo nilicheka, halafu nikatulia. Wangeweza kukata tamaa. Hawakufanya hivyo. Klabu iliendelea, na kanuni zao zikawa msingi wa mchezo mzima.

Miaka iliyofuata klabu zikaongezeka, hasa Brooklyn, ambayo wakati huo ilikuwa mji unaojitegemea. Kulikuwa na klabu ya mafundi wa kuunda meli, Eckford. Kulikuwa na za mabwana wenye nafasi, na kulikuwa na za watu wa kazi za mikono. Mwaka 1857 klabu 16 zilituma wajumbe kwenye mkutano mmoja, wakakubaliana mambo ambayo yapo hadi leo, kama vile zamu tisa za kupiga kwa kila timu.

Lakini zaidi ya kanuni, zilikuwepo desturi. Klabu ikitaka kucheza na nyingine, iliandika barua ya heshima kuiomba mechi. Mchezo ukiisha, walioshindwa waliwakabidhi washindi mpira wenyewe, na mpira ule ukahifadhiwa kama kombe. Kisha kila upande ulipiga vifijo kuushangilia upande wa pili. Halafu, mara nyingi, wenyeji waliwaandalia wageni chakula cha jioni, wakaketi meza moja na kupeana hotuba.

Mwaka 1858 wachezaji bora wa New York walipambana na wale wa Brooklyn kwenye uwanja wa mbio za farasi, mara tatu, mbele ya maelfu ya watu waliolipa kiingilio. New York walishinda mara mbili. Pesa iliyobaki baada ya gharama walipewa wajane na yatima wa wazima moto wa miji yote miwili. Ya miji yote miwili, siyo ya washindi peke yao.

Nilipofika hapo nikaikumbuka ile pilau.

Agosti 1860

Sasa usifikiri walikuwa malaika. Mwaka 1860 klabu mbili za Brooklyn zilikuwa zinatafuta nani mkubwa. Moja ni Excelsior, klabu ya mabwana, makarani na wafanyabiashara. Nyingine ni Atlantic, klabu iliyopendwa na watu wa kazi ngumu. Excelsior walikuwa na kijana mrushaji aliyeitwa James Creighton, ambaye mipira yake iliwatesa wapigaji kuliko mrushaji yeyote wa wakati ule. Kapteni wao alikuwa Joseph Leggett. Atlantic walikuwa na akina O'Brien, Matty na Peter, na mashabiki wasiokubali utani.

Walipanga kukutana hadi mmoja ashinde mara mbili. Julai 19 Excelsior walishinda 23 kwa 4. Agosti 9 Atlantic wakalipiza, 15 kwa 14. Tofauti ya moja tu! Kwa hiyo mchezo wa tatu, Agosti 23, ndio ungeamua kila kitu. Wachezeshaji kamari walikuwa wameshaweka pesa zao. Magazeti yalikadiria watu 15,000 au zaidi walikuja kutazama.

Ilipofika zamu ya sita Excelsior walikuwa mbele, 8 kwa 6. Sehemu ya mashabiki wa Atlantic wakaanza kumzomea mwamuzi na kuwatukana wachezaji wa Excelsior. Polisi walikuwepo, lakini kelele na matusi viliendelea. Mwisho Leggett akaamua. Aliwatoa wachezaji wake uwanjani, akawaachia Atlantic mpira, na mchezo ukahesabiwa sare.

Klabu hizo mbili hazikucheza tena pamoja. Hata mara moja.

Alikosea au alipatia?

Ndugu yangu, hapa ndipo penye swali, na nilibishana nalo usiku kadhaa.

Mara ya kwanza nilifurahi. Nikasema, haya, hata huyo muungwana aliondoka uwanjani, sasa mimi nina kosa gani? Kisha nikasoma tena, polepole. Leggett aliondoka akiwa anaongoza. Mimi niliondoka baada ya kufungwa. Yeye aliacha ushindi uliokuwa karibu na mkono wake, akakubali sare ili watu wake wasiendelee kutukanwa. Mimi sikuacha chochote zaidi ya sahani ya pilau na heshima yangu. Kwa nje tumefanya kitu kimoja. Kwa ndani tunatofautiana kama maji na mafuta.

Kwa hiyo nadhani siku ile Leggett alipatia. Kuna wakati uwanja unageuka kuwa mahali pa dhambi, na kapteni anayewapenda watu wake anawatoa. Kutoka uwanjani kwa ajili hiyo si woga.

Lakini siku iliyofuata je? Na mwezi uliofuata? Waliotukana walikuwa mashabiki na wacheza kamari. Je, wachezaji wa Atlantic wote walistahili kukatwa kwa ajili ya hao? Nani aliandika ile barua ya heshima kuomba mechi nyingine? Yawezekana kila upande ulisubiri mwingine aanze. Wakati wenyewe haukuwasubiri. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, na wengi wa Excelsior wakaenda vitani. Oktoba 1862 Creighton, yule mrushaji, akafariki akiwa na miaka 21. Ile mechi haikuwezekana tena, hata kama wangetaka.

Hilo ndilo lililoniuma. Tunadhani uhasama tunaweza kuuweka kabatini tukaja kuumaliza siku tukipata nafasi. Kumbe tunaotaka kupatana nao ni watu wa kufa kama sisi.

Neno lenyewe linatufundisha

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimelisikia hilo tangu utotoni, lakini juzi tu ndio nimelitazama neno lenyewe. Kushindana. Limejengwa kama kupendana, kusaidiana, kusameheana. Ile "-ana" ya mwisho inataka watu wawili. Unaweza kushinda njaa peke yako, unaweza kushinda kutwa nyumbani peke yako, lakini kushindana peke yako haiwezekani. Ni lazima mwenzako awepo, tena awe amekubali kuja.

Kwa hiyo naona hivi: mpinzani ni mtu ninayemhitaji. Adui ni mtu ambaye natamani asiwepo. Dhambi haiko katika kutaka kushinda. Inaingia pale ninapoanza kutamani mwenzangu asiwepo. Mtume Paulo anatuonya tusifanye mambo kwa ugomvi na kujitafutia sifa, lakini ni yeye huyo huyo aliyefananisha maisha ya imani na mbio za uwanjani. Hakuwa anajipinga. Aliujua mstari huo ulipo.

Ukitaka kuuona mstari huo ukivukwa, tazama mambo mawili yaliyotokea baadaye katika mchezo ule ule.

La kwanza ni la pesa. Septemba 1865 wachezaji watatu wa klabu ya Mutual ya New York walipokea dola 100 kutoka kwa mcheza kamari ili timu yao ifungwe na Eckford. Walifungwa kweli, baadaye siri ikafichuka na wakafukuzwa. Tunasema waliwasaliti wenzao, na ni kweli. Lakini waliwaibia pia Eckford. Wale mafundi wa meli walitoka uwanjani wakishangilia ushindi dhidi ya mpinzani ambaye hakuwa anashindana nao. Mtu anayekuachia ushinde kwa hila hajakuheshimu, hata kama tabasamu lake ni pana.

La pili ni zito zaidi.

Walionyimwa hata kupingwa

Philadelphia kulikuwa na klabu ya watu weusi iliyoitwa Pythian. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Octavius Catto, mwalimu, mchezaji hodari na mpigania haki za watu weusi. Oktoba 1867 Pythian waliomba kujiunga na chama cha besiboli cha jimbo la Pennsylvania. Baadhi ya wajumbe walimshauri mwakilishi wao, kwa maneno laini, kwamba ni heri aondoe ombi kuliko likataliwe mbele ya watu. Likaondolewa. Desemba mwaka huo huo chama cha taifa kikaamua kutopokea klabu yoyote yenye watu weusi ndani yake.

Hebu fikiri. Atlantic na Excelsior waliachana kwa sababu ya matusi ya mashabiki, lakini angalau kila mmoja alimtambua mwenzake kuwa anastahili kupambana naye. Pythian walinyimwa hata hilo. Hawakuchukiwa kwa kuwafunga watu. Walizuiwa wasije wakawafunga. Anayekukataa hata uwe mpinzani wake amekuambia kwamba wewe si mwenzake.

Ndiyo maana siku moja ya mwaka 1869 ina uzito kwangu kuliko fainali nyingi. Septemba 3, Olympic, klabu kongwe ya wazungu wa Philadelphia, ilikubali kucheza na Pythian hadharani. Pythian walifungwa 44 kwa 23. Nani alishinda siku ile? Ubao ulisema Olympic. Lakini nadhani Pythian walirudi nyumbani na kitu ambacho chama kizima kiliwanyima. Mtu alikuwa amejitahidi kuwafunga! Baadaye mwaka huo huo wakaifunga timu nyingine ya wazungu.

Catto hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, alipigwa risasi barabarani Philadelphia katika vurugu za kuwazuia watu weusi wasipige kura. Alikuwa na miaka 32. Wanaokukataa mchezoni na wanaokukataa kwenye sanduku la kura mara nyingi mawazo yao ni ya shina moja. Kwa hiyo usiseme ni mchezo tu. Uwanjani ndipo tunapojizoeza namna ya kumtazama mtu mwingine.

Kurudi kigangoni

Nimeandika mengi ya Brooklyn na Philadelphia kwa sababu ni rahisi kuona vizuri ya mbali. Sasa nirudi kwangu.

Yesu alitufundisha kwamba ukiwa unapeleka sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, uiache kwanza, uende ukapatane naye. Mwaka mzima nimekuwa natoa sadaka huku nimegeuza shingo. Kila mara nilijiambia kwamba penalti ile haikuwa halali. Na huenda kweli haikuwa halali. Lakini penalti aliitoa mwamuzi. Mwenzangu yeye alicheza tu, tena alicheza vizuri. Kama asingekuja siku ile, mimi ningekuwa kapteni wa nini?

Nilifikiria kumwomba msamaha kwa maneno marefu. Kisha nikazikumbuka zile barua za klabu za zamani. Nikachukua simu nikamwandikia hivi: ndugu, siku ile tuliondoka vibaya, mimi ndiye niliyewaondoa, nisamehe. Kigango chetu kinaomba mechi nyingine na ninyi. Safari hii tunapika sisi.

Siku mbili hakujibu. Niliziona tiki za bluu, nikajisemea basi, nimestahili. Siku ya tatu ikaingia meseji ya neno moja: "Lini?"

Tumepanga Jumamosi baada ya mavuno. Na naomba nikuambie ukweli, nataka kumfunga. Nataka sana! Nimeshawaambia vijana waanze mazoezi. Lakini kwa mara ya kwanza namwombea aje na kikosi chake kizima, na asiumie mchezaji wake hata mmoja. Tukifungwa, tutawakabidhi mpira kwa mikono miwili, kisha tutakula pamoja.

Tafakari yako ya wiki hii, kijana mwenzangu: nani mpinzani wako? Labda ni mwenzako wa kwaya anayepewa solo kila sikukuu. Labda ni yule anayekuwa wa kwanza darasani, au jirani wa duka anayevuta wateja wako. Jiulize mbele ya Mungu: natamani nimshinde, au natamani asiwepo? Na kama kuna uwanja uliowahi kuondoka kwa hasira, usisubiri mwenzako aanze. Andika wewe ile barua, wakati bado kuna mtu wa kuisoma.

Tuombeane.